Mahindi ya Chumba cha Pili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimefika Vudee mchana. Bodaboda imeumaliza mgongo wangu. Ukungu kila mahali. Mhariri anataka makala ya nyumba sita za mfano za mradi wa makazi kabla ya uzinduzi wa awamu ya pili, Alhamisi ya wiki ijayo. Nimefikia kwa dada Ernesta. Nyumba yake ya zamani ilikwenda na maporomoko ya mwaka juzi. Sasa amepewa moja ya hizo sita. Anaishi na mjukuu wake, Blessing, miaka minne.

Nyumba imejengwa ili joto lisitoke. Kuta nene. Juu ya dari wamejaza makapi ya mkonge. Madirisha yana mpira pembeni – ukifunga, hata jogoo wa jirani humsikii. Jiko la kuni lina bomba, moshi wote unatoka nje. Juu ya kila dirisha kuna tundu la hewa, na kila tundu Ernesta ameliziba kwa sweta kuukuu.

Nimemuuliza kwa nini.

"Baridi ya Agosti unaijua, au Same imekusahaulisha?"

Joto lipo kweli. Mimi nalala sebuleni, yeye na mtoto chumbani. Chumba cha pili, kilichokusudiwa Blessing, kimejaa magunia ya mahindi mpaka dirishani. Msimu uliopita banda la nje lilivunjwa, wezi wakabeba yote. Habari ya banda hataki kuisikia.

Jumanne, 5 Agosti

Amekuja Loth, injinia wa mradi. Kijana nadhifu, mpole. Ameweka mezani kidude cheupe cha kupima hewa. Taa ikawa ya njano. Akachomoa sweta zote, tukasubiri, ikawa kijani.

"Mama, nyumba inayobana hivi lazima ipumue. Hewa mnayoitoa ninyi wenyewe inabaki humu humu."

"Mwanangu, kama ulitaka upepo uingie, ungeniachia nje."

Loth amecheka. Mimi pia. Nimemuuliza kidude kinapima nini hasa: pumzi, moshi, vumbi, unyevu. Nimeandika. Pikapu yake haijakata kona, sweta zilikuwa zimerudi ukutani.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka na kichwa kizito. Nimelaumu umri. Blessing ametapika uji. Ernesta hana neno, lakini yeye huamka alfajiri na kwenda shambani. Mtoto huachwa kitandani mpaka jua lichomoze. Ndani kuna harufu kidogo ya kitunguu saumu. Jana tulikula makande, hayakuwa na kitunguu saumu.

Sijaandika hata mstari wa makala.

Alhamisi, 7 Agosti

Zahanati. Nimembeba Blessing mgongoni, akaning'inia kama nguo iliyolowa. Tulipofika bondeni akaanza kuuliza habari za mbuzi. Zahanati tumeingia akitembea mwenyewe.

Muuguzi Devotha amepima. Malaria hakuna. Kifua si kibaya. Ameniambia hii ni mara ya tatu tangu mahindi yavunwe, na kila mara hadithi ni ileile.

"Nyumbani anatapika, hapa anataka kuniharibia kiti. Sasa nimpe dawa ya nini?"

Amesema madirisha yafunguliwe. Nimepeleka ujumbe. Ernesta amejibu kwamba Devotha ametoka Kahama, baridi yetu ataijulia wapi. Akafungua dirisha moja kwa heshima yangu. Nilipotoka kunawa, akalifunga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mvua ya manyunyu. Tumeshinda ndani sote watatu. Kichwa. Blessing hakula.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada asubuhi. Baada ya ibada tumekaribishwa chakula upande wa pili wa kijiji, tukakaa mpaka jua linashuka. Blessing amekula, akaomba tena. Amekimbiza kuku, amemrukia mbwa. Mtoto mzima kabisa! Ernesta akasema maombi yamejibiwa. Mimi nimeshaona mambo mengi yakijibiwa na kitu kingine.

Tumerudi. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Nilipofungua mlango, harufu ile ya kitunguu saumu ikanipiga usoni. Safari hii haikuwa kidogo.

"Dada, umeweka nini kwenye mahindi?"

"Vidonge. Vya kuua dumuzi. Kila mtu anaweka."

Nimemuuliza kama kwenye nyumba ya zamani alikuwa anaviweka pia.

"Vya nini? Kule mahindi yalikuwa darini, juu ya moto. Dumuzi gani angestahimili moshi ule? Hapa moshi wamenitolea nje na bomba."

Alikuwa anavua viatu vya kanisani. Hakujua amesema nini.

Vidonge vile vinatoa gesi. Ndiyo inayoua wadudu. Kwenye nyumba zetu za zamani ingepenya chini ya bati ikaenda zake. Hapa inatoka chini ya mlango wa chumba cha pili, inaingia chumba cha kwanza, na inakaa.

Nimefungua kila kitu. Nimetaka tuhamie kwa jirani, Redempta. Redempta naye ana magunia chumbani. Wote sita wanayo. Tumekwenda kulala kwa katekista, Ernesta akiwa amekasirika, ananiambia namwaibisha kwa watu wa kanisa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempigia Loth. Nimemweleza yote.

"Vidonge? Ndani ya nyumba?"

Kidude chake hakisomi gesi hiyo. Amesema mradi haukumwambia mtu aweke sumu chumbani. Nikasema ni kweli, wala haukumuuliza mtu mahindi atayaweka wapi. Kwenye ramani wana rafu ya vitabu na mahali pa baiskeli.

Akaniomba niishikilie habari mpaka Alhamisi ipite. "Kaka, wafadhili wakisikia neno sumu, wanaondoka. Kuna familia bado ziko kwenye mahema."

Hilo nalo ni kweli. Nimeziona. Nimemjibu kwamba nitaandika nilichokiona, mahema pamoja. Miaka yote hii naombwa kushikilia. Nimechoka kuombwa kuliko ninavyochoka kuandika.

Nimempigia Devotha pia; amepanda mwenyewe, amepita nyumba zote sita, hakubembeleza mtu. Magunia yatoke. Hakuna kulala humo mpaka nyumba zipigwe upepo vya kutosha. Na mahindi yasiloane – vidonge vikipata maji vinatoa gesi haraka zaidi.

"Bibi Ernesta, hii gesi mwili hauizoei. Huyu mtoto amepona kwa sababu mnamtoa nje. Siku msipomtoa?"

Ernesta akamjibu, "Na mahindi yakiibwa, nimlishe huo upepo?"

Jumanne, 12 Agosti

Loth amekuja na turubai moja. Amekunja mikono ya shati, anabeba magunia kwa Redempta. Asubuhi nzima Ernesta na mimi tumetoa magunia, tumeyapanga kibarazani. Chumba cha pili kitupu, madirisha wazi, sweta nimezitupa uani. Taa ya kidude cha Loth ni ya kijani. Hakuna anayekiangalia.

Blessing alikuwa nje anatetemeka. Katekista amekwenda Same, amefunga nyumba. Ernesta akamwingiza mtoto ndani, akamfunika blanketi. Kidogo tu, akasema, apate joto.

Sasa manyunyu. Upepo unayaleta ubavuni, kibaraza hakisaidii. Turubai liko kwa Redempta, limefunika mahindi ya nyumba tatu. Nimemwita Loth. Anasema likitoka pale, pale patalowana.

Nimemwambia Ernesta tumtoe mtoto kwanza. Ananiuliza tumpeleke wapi, kwenye mvua? Magunia ya mbele yameshaanza kubadilika rangi. Hayo ndiyo chakula chao mpaka mavuno mengine, naye anajua kwamba mimi najua.

Naandika nimesimama mlangoni. Ernesta ameshika ncha moja ya gunia la kwanza alirudishe ndani, kichwa chake kimelowa.

"Eliakimu, shika huku, au nipishe."

Sijasogea. Ndani Blessing anauliza bibi anakuja saa ngapi