Mtandio Huu Usiufue

Assalaam aleikum, mdogo wangu Habiba.

Nakusalimia wewe kwanza, uliyebeba mzigo wangu mgongoni. Nisalimie mama, umwambie naulizia magoti yake. Msalimie abti Nuur, kaka yake mama, kifua kimepona? Zeinab wangu namsalimia, na Yusuf, asiache madrasa. Jirani mwenye duka na watoto wake, salamu. Hata wale mbuzi waliobaki nawasalimia, usinicheke. Sumaya nimemweka mwisho kwa sababu barua yote ni yake.

Simu zenu hazipatikani, nasikia mlingoti umeharibika tena. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa pale ngumbaru, Kisomali nakisema tu. Zeinab akusomee pole pole.

Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sijui. Kazi ni ile ile hapa nje ya Garissa, kutunza wanyama wadogo waliochukuliwa kutoka kwa watu waliowafuga nyumbani kama vitu vya kuchezea. Juzi wameleta kobe aliyetobolewa gamba ili afungwe kamba kama mbuzi. Nikimpa majani anarudisha kichwa ndani. Anaogopa hata mkono wenye chakula.

Lakini nataka kukuambia habari ya Sukari. Ni digidigi, yule sakaaro wetu, mtoto kabisa, alitolewa nyumba moja mjini. Walimfunga kwenye mguu wa kitanda wakawa wanamnywesha chai ya maziwa, ile yetu tamu, wakidhani wanamhurumia. Alikuja tumbo limeharibika, hawezi kusimama. Daktari wa hapa, Mwenda, kijana wa Meru, akasema alelewe na mtu mmoja mwenye harufu moja. Basi nikawa navaa mtandio ule ule wa kijani kila nikimpa chupa. Akiunusa tu anakuja mbio, anaingiza pua hapa kwapani.

Mwenda akawa ananicheka. "Mama Zeinab, huyo ukimaliza kumlea utamtafutia na mume?"

"Mahari yake ni ngamia," nikamwambia. "Wewe huna hata mbuzi, kaa mbali."

Alipopona ikabidi azoee wenzake kule vichakani, ndani ya ua. Nikaambiwa nisionekane, na mtandio niuvue. Nikatii. Sukari hakuwataka wenzake. Alisimama kwenye waya akinusa upepo. Halafu wanawake wakapita nje na punda wao wa maji, na yeye akajipenyeza chini ya waya akawafuata, maana kwake kila mtu ni mama. Mbwa wa barabarani wakamfikia kabla yangu. Nilimzika na ule mtandio wa kijani. Mwenda alishika koleo, hakunicheka.

Habiba, tangu hapo silali vizuri. Nakumbuka Idi iliyopita nilipofika huko kwetu Tarbaj, Sumaya akajificha nyuma yako akauliza, "Hooyo, yule mama ni nani?" Hooyo, mama yake, ni wewe. Ukacheka, ukamsukuma kwangu, na mimi nikacheka, halafu nikaenda jikoni kama nimefuata maji. Sikulaumu, wallahi. Mbuzi walipokufa kwa ukame nilimwacha bado ananyonya, na wewe ndiye uliyemlaza kifuani. Akikuita hooyo, itika. Usimsahihishe, asije akabaki hana wa kumkimbilia.

Ila unakumbuka mama alivyokuwa akifanya mtoto wa mbuzi akifiwa na mamake? Alimfunika ngozi ya mtoto mwingine aliyekufa, ili mbuzi aliyefiwa na mtoto huyo amnuse, amkubali. Nimelifikiria hilo sana. Ndani ya mfuko huu kuna mtandio wangu wa bluu, ninaolala nao. Si wa wanyama, usiogope. Mwekee Sumaya chini ya kichwa akilala, usimwambie neno. Usiufue, Habiba, hata mama akisema unanuka jasho. Ndivyo ninavyotaka, unuke.

Ruhusa ya kuja huko nimeomba, sijajibiwa.

Mbusu mama mkono, na abti umwambie dua zake nazihitaji. Dereva wa lori la mifugo aliyekuletea mfuko huu akishapakia anarudi Garissa, usimwache aondoke mikono mitupu. Zeinab aandike hata mstari mmoja: Sumaya ameulalia, au ameusukuma? Nijibu upesi, walaal, hata kama ameusukuma.

Ni mimi dada yako,
Fatuma