Kadi Tatu Ulizoziacha Chini ya Bakuli

Khotsa wangu mpendwa,

Pole kwa kukuamsha, mjomba. Najua unapumzika vizuri hapo nyuma ya ghala. Lakini hapa Ekero maneno yamezidi. Vijana wa kukata miwa wanabishana kila jioni kwamba mchezo wetu wa mwisho ulifungwa kinyume cha sheria. Sasa mimi, ambaye shule niliiacha darasa la saba lakini kwa karata ni profesa, nimeamua kukuandikia waziwazi, kila mtu asome, halafu wafunge midomo.

Nianze na karata zenyewe, maana wengine wanazicheka. Pakiti nzima hatukuwahi kuwa nayo. Uliianza na kadi chache ulizookota chini ya kiti cha trekta, ukatangaza kwamba mtu wa nyumba hii akiona kadi njiani lazima aje nayo. Mimi niliokota nyingi nje ya kinyozi. Wewe siku moja ulirudi kutoka Mumias na kingi ndani ya soksi, ukaitoa polepole kama mtu aliyebeba dhahabu. Migongo yake ikawa ya kila rangi, buluu, kijani, na moja yenye picha ya samaki. Kadi moja ya namba mbili hatukuipata kabisa, ukaikata kwenye boksi la majani ya chai na kuichora kwa kalamu yangu. Mgongo wake ulikuwa boksi tupu, kwa hivyo kila mtu alijua nani anayo. Ukatunga sheria palepale: ukiona mgongo wa kadi ya mwenzako, hujaona.

Sheria zako, khotsa! Kila Jumapili baada ya kanisa ulizikumbusha kabla ya kugawa, utadhani tunaapishwa. Ukiwekewa mbili, unaokota kadi mbili na zamu yako imepita. Ukibakisha kadi moja, useme "niko kadi" watu wasikie. Na hakuna kumaliza kwa esi. Unakumbuka yule jirani yako Makokha alivyojaribu kumaliza kwa esi, akisema kwa wakwe zake Mautuma ndivyo wanavyochezanga?

"Hapa si Mautuma," ulimwambia. "Hapa ni kwa Zakayo. Okota mbili na upunguze kelele."

Lakini sheria iliyoleta kesi hii ni ile ya trekta. Ulikuwa unaitwa kazini wakati wowote, trela limekwama, miwa inangoja. Basi ukaamua: anayeitwa katikati ya mchezo, kadi zake zichezwe na aliyekaa kulia kwake, na azicheze kwa nguvu kama zake mwenyewe. Nilikucheka. Nikasema umeitunga ili ushinde hata ukiwa shambani. Ukaniambia mimi mtoto wa dada yako, "Mwiwa, wewe shinda kwanza mtu aliyepo, halafu ulalamike juu ya aliyetoka."

Na wakati huo wote mkeo, Mama Rispa, alikuwa mlangoni na ungo wake akichambua mboga ya mrenda. Hakugusa kadi hata siku moja. "Karata ni kazi ya watu wasio na shamba," alikuwa anasema. Na wewe, bila kuinua macho: "Na shamba ni kazi ya watu wasio na karata."

Jumapili ile tulikuwa wawili tu, mimi na wewe. Nilikuwa na kadi mbili, wewe tatu, zamu ni yako. Nilikuwa nakumaliza, khotsa, usikatae mbele ya watu. Ndipo ukashika kifua, ukasema ni kiungulia. Ulipoanza kutoka jasho nikakimbia kumwita mwenye pikapu akupeleke hospitali ya Mukumu. Hata hapo uliweka kadi zako kifudifudi mezani, ukazifunika na bakuli, ukaninyooshea kidole: "Usiguse. Nikirudi nakuaibisha."

Hukurudi.

Bakuli lilikaa pale siku zote za matanga. Watu walikuja, wakaimba, wakala, meza ikasogezwa huku na huku ikiwa na bakuli lake juu. Shangazi mmoja alitaka kulitumia kwa mboga, Mama Rispa akamshika mkono. Hakuwa anasema kitu kwa mtu yeyote. Ukimpa pole anatikisa kichwa tu. Chakula anakiangalia mpaka kinapoa. Mimi unayenijua, mdomo wangu haulali, lakini siku hizo sikupata utani hata mmoja. Niliogopa kwamba tumekuzika wewe na yeye pamoja.

Ikafika siku ya wafiwa kunyolewa, wazee wakakaa kugawa vitu vyako. Na unajua mila yetu, mtoto wa dada lazima achague kitu kwa mjomba wake, na hakuna wa kumkatalia. Watu wote wakamtazama jogoo wako. Jogoo mwenyewe akaingia chini ya ghala.

Nikasimama. "Mimi sitaki jogoo. Nataka khotsa amalize mchezo wake."

Kaka yako mkubwa akanikazia macho. "Kijana, umekunywa?"

"Sijanywa, mzee. Nachagua."

Wengine walicheka, wengine waliguna. Nikawaeleza sheria ya trekta, na shida yake. Tulikuwa wawili tu, na kulia kwako hakukuwa na mtu. Tukiifuata hivyo, hakuna wa kucheza kadi zako, na ushindi ni wangu. Lakini ushindi wa namna hiyo siutaki, nilisema. Nilikuwa natafuta mzee mmoja wa kukuwakilisha.

Ndipo tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mazishi.

"Nani amesema hakukuwa na mtu?" Mama Rispa aliweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Mlango uko upande gani wa kiti chake?"

"Kulia. Lakini wewe hukuwa unacheza."

"Sheria yenu ilisema anayecheza, au ilisema aliyekaa kulia? Miaka yote nimekaa kulia kwake, mwiwa. Funua bakuli."

Kaka yako akapiga goti lake. "Hapo amekushika!"

Nilitaka kumfundisha mama wa watu polepole, mimi profesa. Hata sijakohoa, amechomoa ile mbili ya boksi na kuiweka mezani. "Okota mbili." Nikaokota, zamu yangu ikapita. Akaweka ya pili, akawageukia wazee: "Niko kadi, mmesikia?" Wakaitikia kama kanisani. Nilizungusha kadi zangu nne, nikatupa moja nikiomba Mungu. Akaweka ya mwisho juu yake taratibu, kama anafunika chungu.

"Zakayo amemaliza," alisema. Halafu akacheka, khotsa, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Jioni hiyo aliomba obusuma, ugali wetu, na akamaliza sahani.

Kwa hivyo vijana wa Ekero wasikie uamuzi. Mchezo ule ni halali, na ushindi ni wako. Na msiseme nilimwachia. Ningependa sana iwe hivyo.

Jumapili bado tunacheza. Nilimwambia Mama Rispa akae kwenye kiti chako, akakataa. Anakaa palepale kulia na ungo wake. Ninagawa sehemu tatu, yangu, yake, na yako. Zako anazicheza yeye, kwa nguvu kama zake, kwa sababu anasema wewe umeitwa tu katikati. Yaani napigana na watu wawili, na mmoja hata haonekani. Jumapili iliyopita nilikushinda wewe. Yeye alikuwa ameshamaliza zamani.

Lala salama, khotsa. Nikiokota mbili ya kweli njiani sitaileta. Ile ya boksi inatutosha.

Ni mimi mwiwa wako,
bingwa wa Ekero yote isipokuwa nyumba moja.