Pilau ya Watu Mia Mbili

Gulchi, nimekwisha. Acha kazi usome.

Zile barua pepe za ofisi zilizogoma kutoka tangu Jumatatu, leo nimegundua seva ya watu wa intaneti sasa inataka jina na nenosiri kabla ya kupokea chochote. Nikaweka. Zikaanza kutoka. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.

Halafu nikaona zinazotoka.

Mialiko ya pilau ya alfajiri ya harusi ya mtoto wa bosi. Ile ya mwanzo, inayosema kesho, kabla hawajasogeza shughuli wiki moja mbele. Ilikuwa imelala kwenye foleni, nami nimeisahau. Watu mia mbili, Gulchi. Mia mbili.

Nikatuma masahihisho, seva ikajibu nimemaliza idadi ya barua za kutuma leo. Kwa simu nimewapata tisa tu. Wengine wanajibu, "Tunakuja na wazee."

Bosi Shavkat kaniuliza taratibu, "Dilfuza, binti yangu, hao watakula seva?"

Mama wa bosi kasikia. "Nani atasimama mlangoni kuwafukuza, wewe? Karoti za pilau zinakatwa jioni hii, kilo sitini. Anza."

Njoo na kisu chako. Usiniache peke yangu na mashangazi wa bosi.