Kilengeo cha Bunduki ya Mjane

Jumatatu, 3 Machi

Leo wa kwanza kunisemesha alikuwa mlinzi. Alichosema ni "Sogea."

Ghala la silaha zilizosalimishwa ni refu, dirisha moja tu. Bunduki kuukuu za Kijerumani zimeegemezwa ukutani kama watu waliopanga foleni ya kitu ambacho hakiji. Kazi yangu ni kusema ipi ya kijeshi, ipi ya kuwindia. Ya kijeshi hukatwa kwa gesi. Ya kuwindia hurudishwa kwa mwenye nayo, akatafute leseni. Mimi hutazama kilengeo cha nyuma, kile kidude cha chuma juu ya mtutu ambacho mlengaji hupitishia jicho. Cha kijeshi ni kikubwa, mgongo umepinda, namba zake zinaanzia mita mia nne na kupanda hadi elfu mbili. Cha mwindaji ni kibati kidogo chenye mkato katikati, pengine na kibati cha pili kinacholala na kuinuliwa. Basi! Askari alimlenga mtu wa mbali, mwindaji alingoja mnyama asogee.

Haya nimejifunza mwenyewe, vitabuni. Mkuu wa ghala aliwahi kunisifu mara moja. Sifa ile niliimung'unya siku nyingi kama peremende.

Bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nisikosee tu.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja mama mmoja mjane na bunduki iliyofungwa kwenye shuka. Ya marehemu mumewe, anataka ipate leseni. Mkwewe anaihitaji shambani — nguruwe pori wamemaliza muhogo. "Wamebakiza kuingia ndani watuombe chumvi," akasema. Nilicheka! Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Akaniita mwanangu. Akauliza kama nimekula. Tangu nihamie mji huu hakuna aliyeniuliza hivyo.

Kisha nikafungua shuka. Kilengeo kikubwa, mgongo umepinda, mia nne. Ya kijeshi, bila shaka yoyote.

Nilishindwa kumwambia. Nikasema arudi kesho. Alipotoka nikaandika "ya kijeshi", Mkuu akatia sahihi bila kuinua kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Amerudi. Nimemwambia, macho yangu mezani. "Lakini mume wangu hakuwa askari, mwanangu." Nikamjibu kwamba kilengeo hakidanganyi. Mimi huyu! Nilisema hivyo kwa mama wa watu!

Alikunja shuka lake tupu, kona kwa kona, taratibu. Akaaga. Safari hii hakuniita mwanangu.

Mkataji wetu, tunayemwita Moto, alikuwa mlangoni akisikiliza. "Miwani," akasema — ndilo jina walilonipa — "wewe ungefaa uhakimu. Humtazami mshtakiwa usoni." Wakacheka vibarua wote wa ghala. Wao hula pamoja chini ya ngazi, sahani moja. Mimi hula mezani kwangu na kitabu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimefua shati, halikauki. Jirani wa nyuma ya ukuta ana redio na mke, na wote wawili wanaongea.

Dada amepiga simu. Akauliza kama nimepata rafiki. Nikasema ninaye. Anaitwa nani? Nikasema mtandao unasumbua.

Jumanne, 11 Machi

Naandika haraka, mwandiko mbaya.

Leo nilikuwa nazipaka mafuta bunduki zinazosubiri kukatwa. Hakuna anayenituma, ila kutu hunikera. Kwenye ile ya mjane kitambaa kilinasa chini ya kilengeo. Nikakitoa, kikanasa tena. Kilengeo cha kijeshi kina pete inayouvaa mtutu, na mtutu wenyewe una kidato ambapo pete ile hukaa ikatulia. Hii haina kidato! Mtutu unapungua unene kidogo kidogo tangu nyuma hadi mbele, kama mshumaa. Pete inapwaya, imesukumiwa kipande cha bati ili ikaze. Nikamulika kwa tochi. Chini yake kuna mfereji mdogo, umekatwa kukingama mtutu, ukazibwa. Ndipo kilipokaa kile kibati cha mwindaji.

Kilengeo si chake. Kimetolewa kwenye bunduki nyingine.

Niliangalia kofia, sikuangalia kichwa.

Kukata ni Ijumaa. Na zile za mwezi uliopita? Zote nilizitazama kofia! Nilikwenda uani. Ni rundo la vyuma vilivyoungua, huwezi kujua mtutu upi ulivaa nini.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia mjane, kwa simu yangu, nimejificha chooni. Je, marehemu aliwahi kubadilisha kile cha juu ya mtutu?

Alibadilisha, ndiyo. Macho yalipochoka hakukiona tena kile kibati kidogo. Fundi baiskeli akampa kikubwa kutoka bunduki mbovu. "Sasa ikawa inapiga juu mno! Akawa analenga kwato ili apate kifua." Akacheka peke yake kidogo, cheko la mtu anayemwona aliyekwisha kwenda.

Nikamuuliza, mbona hukuniambia, mama?

"Hukuniuliza."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Anasema Ijumaa atakuja. Hata kama ni kuiona tu kabla haijakatwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia kwa Mkuu. Nilikuwa nimeyakariri maneno usiku kucha, nusu yakapotelea mlangoni. Lakini nilieleza: pete, bati, mfereji. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza zile za mwezi uliopita nani alizitambua.

"Mimi, mzee."

"Kwa njia hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

Akainuka akafunga mlango. Akasema nikifufua hii moja, wenye zile nyingine watajaa hapa. "Utawapa nini? Vyuma vya kuzuilia milango?" Halafu akalainisha sauti: mwanangu, majaribio yako yanaisha mwezi huu, una akili, usijichimbie. Nenda kanywe chai.

Mwanangu! Neno lilelile.

Nikaenda. Nikainywa. Niliweka na sukari.

Ijumaa, 14 Machi

Niko uani. Naandika juu ya goti.

Asubuhi Moto alipanga bunduki chini, akavaa miwani yake ya kulehemu, akafungua gesi. Mjane alikuwa getini, mlinzi kamzuia. Alisimama tu, shuka mkononi — alikuja na shuka! Sijui alidhani atabeba nini.

Moto akaibana ya marehemu kwenye jiliwa. Ya kwanza kabisa. Sikumbuki kutembea. Nilijiona tu nimeushika mtutu.

"Miwani, toa mkono. Mimi sina vidole vya akiba vya kukuazima."

Nikasema si ya kijeshi. Sauti ilitoka nyembamba kama ya paka. Nikarudia. Akaniambia nimwambie Mkuu, si yeye. Nikasema nimeshamwambia. Hapo akazima moto, akavua miwani. Akanitazama kama mtu anayenisoma kwa mara ya kwanza.

"Na zile za mwezi uliopita?"

Nikasema sijui. Kweli sijui. Huenda nyingine zilikuwa za watu kama yule pale getini.

"Nilizikata mimi," akasema. Akaketi juu ya mtungi wa gesi, akajifuta uso kwa glavu, akajipaka masizi, wala hakujali. Kisha akaenda kumwita Mkuu. Hakuniambia anakwenda kusema nini.

Nimebaki mwenyewe. Sijaifungua kwenye jiliwa, si ruhusa yangu. Ila sijaiachia. Mkono wa kushoto uko juu ya kile kilengeo, chuma kimeshapata joto la kiganja. Dada angeniona!

Mjane amenipungia kutoka getini. Sikuweza kumpungia. Mkono mmoja una kalamu, mwingine—

Mlango wa ofisi umefunguliwa. Mkuu yuko mbele, anatembea haraka. Moto yuko nyuma yake, na nyuma ya Moto wanakuja wale wa chini ya ngazi, wote. Moto anasema kwa sauti, "Hii sikati, mzee."