Kibao cha Mbuzi cha Mama

Mpwa wangu Mwanajuma, hujambo mwanangu?

Niko Kisauni, kwenye jumba la sanaa za kisasa. Wallahi, humo mna kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kimewekwa juu kama sultani! Nikakikalia. Mlinzi akaja mbio: "Mzee, shuka, hiyo ni sanaa!"

"Sanaa hii ndiyo iliyonilea," nikamjibu. Wageni sabini wakanipiga picha, kisha nikasindikizwa bustanini kwa heshima zote. Nimekaa chini ya mlangilangi, unanukia, namkumbuka mama, bibi yako.

Basi kile kibao chake alichokuachia, usikifanye kuni ati kwa kuwa umenunua mashine ya kukunia. Nikija nitakikalia nikukunie nazi, na hapo hakuna atakayeniambia nishuke.

Nakubusu paji la uso,
Mjomba Bakari