Kabla ya Kugusa Waya

Wrexham, 12 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi hii? Huku mvua haijui hata Jumapili. Mimi mzima, nakula, ingawa supu yangu ya kondoo bado inafanana na maji ya kuoshea sufuria.

Simu zangu hupokei, basi naandika. Nimepangiwa mtihani wa mwisho wa vitendo, mapema Machi. Siku tatu ndani ya kibanda kimoja. Unafunga swichi kuu, unapitisha waya kwenye paipu, unapima kila kitu, halafu wanakutegea hitilafu makusudi uzitafute. Nikifaulu nitakuwa fundi umeme kamili. Miaka minne, Mama.

Najua hutaki kulisikia neno hilo nyumbani kwako. Siombi mengi. Niandikie tu kwamba unanitakia heri.

Binti yako,
Lowri

Blaenau, 20 Januari

Lowri mwanangu,

Marahaba. Goti ni goti, linapanda ngazi za kanisa likilalamika kama Gwenda wa kwaya yetu. Simu sipokei kwa sababu nikisikia sauti yako na drili ikinguruma nyuma yako, siku nzima inaniharibikia. Karatasi angalau haina kelele.

Huyo Gwenda kaniuliza juzi, mbele ya watu na vikombe vya chai, "Lowri anaendeleaje na ile kazi ya ofisi ya bima?" Nikamjibu, "Vizuri tu, wamempa meza karibu na dirisha." Nimedanganya ndani ya nyumba ya Mungu kwa ajili yako.

Unataka heri. Kaka yako Iwan nilimtakia heri kila asubuhi, na mkate nikamfungia. Alikuwa na cheti, alikuwa na mikono ya dhahabu, wateja wakimgombania. Umeme haukumuuliza cheti. Nilizaa wawili, Lowri, na mmoja nimemlaza makaburini, nyuma ya machimbo ya mawe. Jiko la shule linatafuta mtu. Rudi nyumbani.

Mama yako

Wrexham, 2 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo tena. Natumai goti limepoa. Barua yako niliisomea kazini, wakati wa chai. Hiyo meza karibu na dirisha ilinichekesha, halafu ikaniliza, nikasingizia vumbi.

Acha niseme jambo ambalo tangu mazishi hatujalitamka. Iwan alikata umeme wa banda lile la kuku, lakini swichi hakuitia kufuli. Akapanda ngazi. Mtu mwingine akaona giza, akawasha. Basi. Huyo aliyewasha hakuwa mtu mbaya, alitaka mwanga tu.

Sehemu ya kwanza ya mtihani wangu ni hiyohiyo: kata, tia kufuli, ufunguo weka mfukoni mwako, hakikisha waya umekufa, yaani hauna umeme, ndipo uuguse. Ukikosea hapo, umeanguka, hata kama mengine yote umeyapatia. Bosi wangu Huw ananifanyisha mazoezi gerejini kwake kila tukitoka kazini.

"Umepima?"

"Nimepima."

"Na hicho kipimo chenyewe, una hakika ni kizima?"

"Nimekijaribu kabla na baada, Huw."

"Haya, shika waya."

Hapo ndipo mikono inapotetemeka, Mama. Waya umekufa, najua umekufa, na bado namwona Iwan. Huw hanicheki. Anasema, "Mwaka wa thelathini huu na mimi bado natetemeka. Unadhani kwa nini vidole vyangu vyote vipo?"

Sifanyi haya ili kukuumiza. Naipenda kazi hii. Iwan ndiye aliyenionyesha, nikiwa mdogo, kwamba taa ya ngazi zetu unaweza kuiwashia chini ukaenda kuizimia juu. Nilishinda nikipanda na kushuka siku nzima mpaka ukanifokea.

Niandikie.

Binti yako,
Lowri

Wrexham, 21 Februari

Mama,

Hujambo? Mlangoni kwangu yanaingia matangazo ya pitsa tu. Nilidhani unaumwa, nikampigia Gwenda. Usikasirike, ile kazi yangu ya bima ni salama, sikumwambia ukweli. Akaniambia, "Mama yako? Mzima kama ng'ombe, Jumapili kaimba mpaka madirisha yakalia."

Kumbe unayemnyamazia ni mimi tu.

Naingia Jumatatu ya kwanza ya Machi. Neno moja lingenitosha.

Lowri wako

Wrexham, 6 Machi

Mama,

Sina nguvu ya salamu, nisamehe. Nimeanguka.

Nilikata. Nikatia kufuli. Nikapima, nikapima tena, kila kitu sawasawa. Msimamizi alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, akaandika vyote hivyo. Ikabaki kushika waya na kuanza kazi. Sikuweza. Nilisimama pale mkono umenyooka, kama mtu anayeomba. Yule mama akasema, "Usiwe na haraka, binti." Wenzangu kwenye vibanda vya jirani walikuwa wameshaanza kukata mapaipu. Mwishowe nikavua glavu, nikaziweka juu ya meza, nikatoka nje kwenye mvua.

Huw bado sijamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza.

Lowri

Blaenau, 11 Machi

Lowri mwanangu mpenzi,

Unaendeleaje? Unalala? Unakula?

Nitakuambia ukweli, kwa sababu sitaki kukudanganya na wewe pia, Gwenda ananitosha. Niliposoma kwamba umeanguka, nilifurahi. Nilifurahi, Lowri. Nikatoa unga na zabibu kavu, nikaanza kupika zile keki za kikaangoni unazozipenda, nikajisikia naimba. Nilizigeuza upande mmoja tu, ndipo nikajiuliza, mwanamke wewe, unasherehekea nini? Mwanao amesimama peke yake kwenye mvua na wewe unapika keki. Nikakaa kitini. Zikaungua zote mpaka jirani akaja kuuliza moshi ni wa nini.

Najichukia, lakini furaha yenyewe haijatoka. Sasa umejaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu. Rudi, kitanda chako nimekitandika.

Mama yako

Blaenau, 14 Aprili

Lowri,

U mzima? Kitanda bado kimetandikwa. Jiko la shule limeshapata mtu, lakini si kitu, njoo tu. Nilikuandikia mambo mabaya. Niandikie na wewe mabaya, nitayasoma.

Mama yako

Wrexham, 19 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumai na wewe hujambo.

Nilirudia mtihani. Nimefaulu, majibu yametoka leo. Mimi ni fundi umeme.

Sikukuambia tarehe. Nilijua ungesali, na nilijua ungesali nini.

Haikuwa ushujaa. Nilipofika penye waya nilianza kulia, kamasi na kila kitu. Yule mama wa miwani akaniuliza, "Tusimamishe?" Nikamwambia hapana. Nikaushika nikiwa nalia hivyohivyo, na kazi yote ya siku ile nikaifanya macho yakinivimba. Iwan hakuondoka kichwani. Nadhani haondoki tena.

Nilipopata majibu nilisimama kwenye maegesho, simu mkononi, jina lako kwenye kioo. Nikampigia Huw. Alipiga kelele mpaka mbwa wake wakabweka. Zilikuwa kelele nzuri, Mama. Lakini hazikuwa zako.

Lowri

Blaenau, 25 Juni

Lowri mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, nashukuru kwa kuwa hukuuliza.

Ulijua sawasawa. Ningesali uanguke. Ningepiga magoti haya mabovu na kuomba uanguke, na hayo ningeyaita upendo.

Jumapili nilimwambia Gwenda, "Ile ofisi ya bima haikuwepo. Binti yangu ni fundi umeme." Akaweka kikombe chini, akanishika mkono mpaka chai yake ikapoa. Na Gwenda unamjua.

Nimeitafuta furaha ya kukupa, sijaipata bado. Sitaki kukutumia ya uongo.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Siku ile ya Iwan nilisikia gari la kazi likipanda kilima, ngazi zikigongana juu ya paa lake. Nikasema, leo kawahi. Nikabandika birika. Nikaenda kumfungulia nikiwa nacheka, nina neno la kumtania. Aliyesimama mlangoni alikuwa bosi wake, kofia mkononi. Mpaka leo gari lenye ngazi likipita hapa, nakaa chini popote nilipo, hata barabarani.

Huw atakuwa amekupa gari la kazi sasa. Wanawapa mkifaulu.

Njoo Jumapili, mwanangu. Gari liache kule chini madukani, upande kwa miguu. Najua ni mbali, na huenda mvua ikakunyeshea. Nivumilie. Na ukifika usigonge. Niite ukiwa bado barabarani, kwa sauti kubwa, nijue ni wewe kabla sijafungua.

Mama yako