Viti Sita vya Mvule

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni. Ungekuwapo ungeuliza, "Na vile viti ulivyovitolea jasho viko wapi?" Subiri, nitafika huko.

Unakumbuka barua zangu za mwanzo, mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena nami nikavuka Sirari na cherehani moja na mkasi? Nilikuandikia kwamba Kisumu ni kuzuri. Nilikudanganya. Sikukuandikia kwamba hapa Migosi bomba ni moja kwa vyumba kumi na viwili, maji yanatoka saa kumi na moja alfajiri na kukatika saa moja kasoro, na ndoo yangu iliyokuwa ya pili kwenye foleni ilikuwa ikigeuka ya nane nami nimesimama palepale. Sikukuandikia kwamba kwa karatasi ya kukaa nchini niliambiwa, "Rudi Jumatano," nikarudi Jumatano saba, na ya nane karani akaniuliza kwa nini namsumbua. Sokoni nikisema "naomba", wananicheka: "Mtanzania, omba haraka, samaki inaoza!"

Hayo nilimeza. La viti lilinishinda.

Unavijua: sita, vya mvule, vya fundi wa soko la Kibuye, baada ya mwaka mzima wa kushona sare za shule mgongo ukiuma. Havijamaliza mwezi, narudi kutoka kibandani kwangu kwa kushonea, mlango wazi, chumba kitupu. Nikapiga kelele za mwizi. Mama Akinyi wa chumba cha tano akatoka akifuta mikono.

"Mwizi gani? Kuna matanga hapo nyuma. Tumechukua viti."

"Bila hata kuniambia?"

"Si uliniachia ufunguo wa dharura? Mtu amekufa. Unataka dharura gani ingine?"

Vilirudi siku ya tano, kimoja mguu umelegea. Nikamnyang'anya ufunguo wangu, nikapaka namba nyuma ya kila kiti, moja hadi sita. Kilio kilichofuata walipokuja, nikasema hapana. Mama Akinyi alizitazama zile namba, akacheka kidogo. "Kwani vitatoroka viende Musoma?"

Hakugomba. Hakuna aliyegomba. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyeniomba hata njiti ya kiberiti, na nilipolala na malaria siku nne hakuna aliyegonga mlango. Nilihesabu.

Ndipo ukaja wewe. Ulikuja kunitazama wiki mbili, ukakaa miezi mitatu. Wiki ya kwanza tu nilikusikia bombani ukisema "ero kamano", asante ya Kijaluo, kama uliyezaliwa hapa, wakati mimi na shukrani zangu za Kiswahili sikuwa na wa kumpa. Nilikuwa naondoka asubuhi, narudi jioni, viti vyote sita mahali pake. Jioni moja namba nne ilikuwa na matope miguuni. Nikakuuliza. "Nimekaa nje kuota jua," ukasema, ukaendelea kuchambua omena, dagaa wa huku. Nikaamini.

Halafu Jumapili moja asubuhi hukuamka.

Mama, bado nimeduwaa. Nilikaa kando ya kitanda chako nikihesabu nani atakuja, nikapata sifuri. Kisha nikasikia mbao zikiburuzwa chini. Nikafungua mlango. Uwanja umejaa viti! Vya mbao, vya kamba, mabenchi ya kanisa, stuli za kina mama wauza samaki. Nilihesabu arobaini na tatu, nikarudia kwa sababu sikuamini. Moto ulikuwa tayari umewashwa.

Nikamwendea Mama Akinyi, nikaanza kumshukuru. Akanikata.

"Usinishukuru. Hatukuja kwako. Tumekuja kwa Mama."

"Mama gani?"

"Huyo wako. Matanga tatu alituletea hizo viti, yeye mwenyewe, moja moja kwa kichwa. Na jioni anakuja kuzichukua kabla hujarudi. Alisema mtoto wake si mbaya, ni vile amezoea kujihesabia peke yake."

Matanga matatu! Viti sita kwenda, sita kurudi, mara tatu: safari thelathini na sita, na magoti yako yale! Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, kila mara jibu ni lile lile. Nimekukasirikia, Mama. Ungeniambia. Ningekukatalia, najua, ndiyo maana hukuniambia.

Walikaa nami siku tatu mpaka gari la kukupeleka Musoma lilipofika. Wanne wakapanda, wakavuka mpaka nami, wakakuzika. Watu niliowanyima mahali pa kukalia.

Tuliporudi nilimpa Mama Akinyi ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la leso.

Leo nimetoka kibandani, nakuta mlango wazi, chumba kitupu. Hakuna aliyenitumia habari, hakuna aliyebisha hodi. Nimesimama pale mlangoni, mdomo wazi, mpaka niliposikia kilio upande wa kanisani. Wamevichukua kama vyao. Nikimaliza ukurasa huu nitajifunga leso niende huko, nikae nitakapopata nafasi.

Hawakuniachia hata kimoja, Mama. Hata kimoja!

Pumzisha magoti yako sasa.

Mwanao wa tatu